Usiku wa kuvua gamba: jinsi ya kumlea vunjajungu mchanga

Wazazi wa mtaa wetu hapa Katuba, Lubumbashi, huniletea swali moja kila mwanzo wa mvua: "Tulimlisha, tukamnyunyizia maji, mbona amekufa?" Kisa chenyewe hakibadiliki. Mtoto amekuta kifuko cha mayai kwenye mpera, amekikata pamoja na kijiti chake, amekitia ndani ya chupa. Siku moja vimetoka vidudu zaidi ya mia, vyembamba kama uzi, na nyumba nzima imejaa mlangoni kuvitazama. Wiki tatu baadaye wamebaki wawili, na mmoja ana mguu uliopinda. Mama anasema ni njaa. Baba anasema ni baridi. Mimi nimewafuga kwa misimu minne na nimezika wengi, na ninachokijua ni hiki: ukiona tunutu aliyeshiba amekufa ghafla, mara nyingi amefia kwenye gamba lake mwenyewe.

Vunjajungu ni yule mdudu mwenye kichwa cha pembetatu, anayekaa amekunja mikono kifuani kama mtu anayesali. Jina hilo limetoka pwani, ambako wazee waliamini kwamba anayemgusa atakwenda nyumbani akavunje vyombo. Duniani kuna aina zipatazo 2,400. Wale wakubwa wa kijani tunaowakuta kwenye maua na miti ya parseli, yaani viwanja vya nyumba zetu, wengi ni wa jenasi ya Sphodromantis, ambayo imeenea Afrika. Mchanga wake anaitwa tunutu, kama tunutu wa nzige, na sababu ni hiyo hiyo: tangu siku ya kwanza anafanana na mzazi wake, ila hana mabawa. Hakuna kiwavi hapa, wala pupa inayolala. Ni vunjajungu yule yule mdogo, anayekua kwa hatua.

Hatua hizo ndizo zinazochanganya watu. Mtoto wa mtu anakua kidogo kidogo kila siku. Tunutu hawezi, kwa sababu mifupa yake iko nje: amevaa gamba gumu ambalo likishakauka halitanuki tena. Anakula, tumbo linajaa, lakini kichwa, miguu na kifua vinabaki vile vile. Ili akue lazima ajenge gamba jipya laini chini ya lile la zamani, kisha atoke ndani ya la zamani lote kwa mara moja. Hufanya hivyo mara 6 hadi 9 mpaka apate mabawa, kulingana na aina yake, na jike mara nyingi huvua mara moja zaidi kuliko dume. Kila mara anaweka uhai wake rehani.

Nimemwona mmoja akivua kutoka mwanzo hadi mwisho, usiku wa Novemba, mvua inapiga mabati, mimi na mwanangu tukiwa na taa ndogo iliyofunikwa kitambaa. Tangu jana yake alikuwa amekataa kula. Kijinzi kilipita mbele ya uso wake, akarudi nyuma kama anayekiogopa. Sasa alikuwa ananing'inia kichwa chini kwenye paa la kitambaa, ameshikilia kwa miguu minne ya nyuma. Mgongo ukapasuka nyuma ya kichwa, mstari mwembamba mweupe. Kifua kikatoka kwanza, kimepinda kama upinde, kikavuta kichwa. Kisha papasi zake mbili za kichwani, nyembamba kuliko unywele, zikavutwa taratibu kutoka ndani ya zile za zamani kama uzi unaotoka kwenye tundu la sindano. Mikono ya kukamatia ikafuata, bado imekunjwa. Kisha miguu yote ikalegea na akabaki amening'inia kwa ncha ya tumbo tu, mwili wote uko hewani, rangi ya maziwa, hatikisiki.

"Papa, eko nakufa?" mwanangu aliniuliza, na mkono wake ulikuwa tayari kwenye kifuniko. Niliushika. Tungemgusa wakati ule angeanguka, na miguu ile ingekauka ikiwa imejikunja. Tulisubiri. Baada ya dakika kadhaa alijikunja juu kama mtu anayeinuka kitandani, akalishika gamba lake la zamani, akatoa ncha ya tumbo. Yote ilichukua karibu dakika 20. Lile gamba likabaki limening'inia, jepesi kama ngozi ya kitunguu, na ukilitazama kwa karibu linayo hata mifuniko ya macho.

Ukishaelewa usiku ule, maswali mengi ya malezi yanajijibu yenyewe.

Kwanza urefu wa chombo. Anavua kwa kuning'inia, na uzito wake mwenyewe ndio unaomtoa. Kwa hiyo chini yake lazima kuwe na nafasi ya kushukia. Wafugaji hutumia kipimo hiki: urefu wa chombo usipungue mara 3 ya urefu wa mdudu, na upana mara 2. Tunutu wa sentimita 2 anatosha kwenye kopo la sentimita 8 au 10. Akifika sentimita 6 mhamishe kwenye bidoni la lita 5 lililokatwa. Kipimo kinahesabu nafasi iliyo tupu: ukijaza vijiti na majani hadi juu kwa ajili ya kupendezesha, umekula nafasi yake, na atagonga kijiti akiwa katikati ya kutoka.

Pili, paa. Hapa ndipo chupa ya plastiki yenye kifuniko laini inapowaua wengi. Mdogo kabisa anaweza kutembea juu ya plastiki, lakini kadiri anavyokuwa mzito kucha zake zinateleza, hasa kifuniko kikiwa na unyevu. Paa liwe la kitambaa chenye matundu ambacho kucha zinashika. Kipande cha rido (pazia) jepesi kilichofungwa kwa mpira kinafaa sana. Na kwa kuwa anapenda paa kuliko mahali pengine popote, mlango wa kumlishia utoboe ubavuni, uuzibe kwa sifongo au pamba. Ukifungua paa kila unapomlisha, unamsumbua pale pale alipojishikilia.

Kuhusu hicho kitambaa nina jambo zito la kusema.

Mwaka wangu wa kwanza nilitafuta kitambaa chenye matundu madogo, nikakiona: chandarua kuukuu, kilichochanika, kilichokuwa kimekunjwa juu ya kabati. Nilikifua kwa sabuni mara mbili, nikakata vipande, nikafunika makopo kumi na mawili. Usiku ule matunutu walikimbilia kwenye paa, kama kawaida yao. Asubuhi mwanangu ndiye aliyeamka wa kwanza. "Papa, tududu twote tulikufa." Walikuwa chini ya makopo, wamelala chali, miguu bado inatetemeka kwa wachache. Nilidhani ni ugonjwa. Nilipomweleza rafiki yangu anayefanya kazi kwenye kituo cha afya, aliniuliza swali moja tu: kitambaa ulikitoa wapi?

Vyandarua tunavyogawiwa kwa ajili ya malaria vina dawa kwenye nyuzi zake, za kundi la pairethroidi. Vimetengenezwa vistahimili kufuliwa mara 20 na kutumika takriban miaka mitatu, kwa hiyo kufua kwangu mara mbili kulikuwa kazi bure. Dawa hiyo inaingia kupitia miguu ya mdudu anapokanyaga, na inashika mishipa yake ya fahamu: milango midogo inayopitisha chumvi ya sodiamu kwenye neva inabaki wazi, neva inapiga bila kupumzika, mdudu anatetemeka kisha anapooza. Haiwezi kumtofautisha mbu na vunjajungu. Chandarua kifanye kazi yake kitandani, mtoto alale ndani yake. Kwa vunjajungu tafuta rido, au kitambaa cha matundu cha nguo ya zamani ya harusi, na uhakikishe hakijawahi kupuliziwa dawa. Kwa sababu hiyo hiyo makopo yasikae chumba kinachowashwa dawa ya mbu ya kuzunguka au kupulizwa dawa ya mende. Na ukikamata wadudu wa kumlisha, usiwatoe kwenye bustani za mboga zinazopigwa dawa.

Tatu ni maji, na ndilo fundo gumu kuliko yote hapa Lubumbashi. Kati ya gamba jipya na la zamani kuna majimaji yanayolainisha. Hewa ikiwa kavu sana gamba la zamani linamganda, anatoka nusu, na mguu unabaki ndani. Ndiyo maana unamnyunyizia. Lakini ukimnyunyizia mpaka kuta zinatiririka, matunutu wadogo wananasa ndani ya tone na kuzama, na chombo kisichopitisha hewa kinaota ukungu. Watu wawili wanaweza kupewa ushauri unaopingana, "ongeza maji" na "punguza maji", na wote wakawa wameambiwa kweli, kwa sababu mmoja anafuga Agosti na mwingine Januari. Kiangazi chetu, tangu Mei hadi Septemba, hewa inapasua midomo: nyunyiza asubuhi na jioni, ukungu mwembamba wa maji upande mmoja wa chombo, aweze kunywa vitone na kuhama akitaka. Mvua zikishika, mara moja kwa siku au hata siku moja kuruka kunatosha. Kitambaa cha paa ndicho kipimo changu: kati ya kunyunyiza na kunyunyiza kinatakiwa kukauka. Kisipokauka, umezidisha.

Na nne, kumwacha. Dalili kwamba anakaribia kuvua ni hizo nilizotaja: anakataa kula siku moja, mbili au zaidi, anakaa juu hatembei, mwili umejaa na rangi imefifia. Akikaribia kuvua kwa mara ya mwisho, vile vifuko vya mabawa mgongoni vinavimba. Ukiziona, toa mdudu yeyote aliye hai ndani ya chombo. Nyenje au mende mdogo uliyemwachia kama chakula anaweza kumtafuna akiwa ananing'inia hana uwezo wa kujitetea. Usihamishe chombo, usimwonyeshe mgeni. Akimaliza, mpe siku nzima bila kumshika, gamba likauke, kisha ndipo umpe chakula.

Akitoka na mguu uliokatika usikate tamaa. Tunutu huotesha mguu upya kwenye magamba yanayofuata: kwanza unakuja mfupi, mwembamba, kisha unanyooka. Aliyekwisha kupata mabawa haoti tena.

Chakula kina mambo mengi lakini si kigumu. Siku ya kwanza au ya pili baada ya kuanguliwa hawali, usihangaike. Baada ya hapo wanataka wadudu walio hai, wadogo, na vijinzi vya matunda ndivyo bora. Ponda ndizi iliyoiva kupita kiasi ndani ya chupa, iache wazi karibu na mahali pa taka kwa siku moja mpaka vijinzi viingie, kisha ifunge kwa kitambaa. Kwenye joto la nyuzi 25 kizazi kipya kinatoka baada ya siku 10 hivi. Kwenye baridi ya Juni inachelewa sana, kwa hiyo anzisha chupa ya pili kabla ya kwanza kwisha. Vijinzi vinaruka ovyo ukifungua. Mwenye friji aweke chupa ndani kwa dakika chache vipoe, vitaanguka chini na utavimwaga kwenye kopo kama mchele. Asiye na friji agongeshe chupa mezani, afunike mdomo kwa karatasi iliyokunjwa kama faneli, na mwanga wa dirisha utavivuta vyenyewe. Vidukari wa kwenye maharage nao wanafaa kwa wadogo. Sisimizi usiwape kamwe, na uwaogope: wakiingia kwenye kopo usiku hutamkuta mtu asubuhi. Weka miguu ya meza ndani ya makopo ya maji, kama mama zetu wanavyofanya kwa meza ya chakula.

Mdudu wa kumlisha asizidi nusu ya urefu wake. Na lazima atikisike. Jicho la vunjajungu ni la ajabu: ni mdudu pekee ambaye imethibitika anapima umbali kwa kulinganisha anachokiona kila jicho, kama sisi tunavyofanya. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Newcastle, Uingereza, waliwabandika miwani midogo kwa nta ya nyuki na kuwaonyesha picha kama sinema. Mwaka 2018 walieleza kwamba macho hayo yanalinganisha pale tu picha inapobadilika, pale kitu kinaposogea. Kwa mlezi maana yake ni rahisi: nzi aliyekufa sakafuni kwake ni kama jiwe. Ukitaka kumlisha mdudu aliyekufa, mshike kwa kibanio na umtikise mbele yake.

Utajua kama ameshiba kwa tumbo. Tumbo bapa, lililokunjamana kama jani kavu, ni njaa. Tumbo nene la mviringo ni shibe, pumzisha. Akiwa mdogo mpe kila siku au kila baada ya siku moja. Akikua, mara mbili au tatu kwa wiki. Usifurahie kumwona amevimba kupita kiasi, kwa sababu akianguka tumbo linaweza kupasuka.

Njaa inatuleta kwenye jambo ambalo watoto hulilia: wanakulana. Wakiwa wamekaa pamoja na chakula ni kingi, wiki mbili za kwanza mnaweza kuvumilia. Wakishavua mara mbili, mtenge kila mmoja na kopo lake. Huwezi kuwa na makopo 200, hakuna anayeweza. Chagua kumi wenye nguvu, wengine warudishe kwenye ua na maua ya jirani, mahali pengi tofauti. Ni wa hapa hapa, hutaharibu kitu. Sioni huzuni katika hilo: porini pia ni wachache tu kati ya ndugu wote wanaofikia mabawa.

Macho yake yakigeuka meusi usiku, usimpeleke kwa yeyote. Rangi ndani ya jicho inasogea ili mwanga mdogo uingie, na asubuhi yanarudi kijani. Kile kidoa cheusi kinachokufuata kila unapozunguka si mboni, ni zile tundu za jicho zinazokuelekea wewe ndizo zinazoonekana giza. Kidoa ambacho hakisogei, kikabaki mahali pamoja mchana na usiku, ndicho cha kuangalia: mara nyingi amejisugua kwenye plastiki akitafuta kutoka. Mhamishe kwenye chombo chenye kuta za kitambaa.

Nimalizie na kifuko chenyewe, kwa sababu makosa mengi huanzia pale. Mama yake alikijenga kwa povu lililokauka na kuwa gumu kama sifongo kavu, na ndani mayai yamepangwa safu kwa safu. Ukiona vitundu vidogo vya mviringo vilivyotobolewa ubavuni, waliotoka humo si vunjajungu, ni nyigu wadogo wanaotaga ndani ya mayai ya vunjajungu. Kifuko kizima kinasubiri joto. Mwaka ule wa kwanza nilikipata Julai, wakati usiku wetu unashuka chini ya nyuzi 10, nikakihurumia. Nilikiingiza jikoni, juu ya rafu, karibu na mbabula, jiko letu la makaa. Joto la makaa likayaamsha mayai, na matunutu wakatoka Agosti wakining'inia kwa nyuzi kama shanga, hewa kavu, miti haina ua, chupa yangu ya ndizi haina hata kijinzi kimoja. Hata bila kile chandarua, wachache tu wangefika Oktoba.

Msimu uliopita jike mmoja alipata mabawa kwangu mwezi wa Februari. Nilijua ni jike tangu utotoni, kwa kuhesabu pingili za tumbo upande wa chini: jike huonyesha 6, dume 8. Machi nilimweka kwenye mlimau wa uani, kwa sababu jike asiyekutana na dume hutaga vifuko ambavyo haviangui, na dume, aliye mwepesi na anayeruka vizuri, humtafuta usiku. Mwezi wa Mei tulikuta kifuko kwenye tawi la pili, upande usiopigwa na upepo. Siwezi kuapa ni chake, ingawa ukubwa ni ule ule.

Sasa ni Julai. Asubuhi majani ya mlimau ni baridi mkononi, na mwanangu hukitazama kabla ya kwenda shule, anahesabu kama kuna kitundu. Jana aliniomba tena tukiingize ndani. Nikamwambia, acha kwanza, mvua haijafika.